Mkusanyo wa Barabara ya Mokambo

Mkusanyo wa Kahambu ulikuwa umefika vipande mia moja arobaini na vitatu, na haikupita wiki bila viwili au vitatu kati ya hivyo kugombana.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuendesha malori kwenye kompyuta. Ukiupata jinsi ulivyotoka kwa wenyewe, unakupa barabara za Ulaya: lami nyororo kama meza, mistari myeupe, taa kila kona, wala huoni mbuzi. Lakini duniani kuna watu wanaokaa majumbani mwao wakitengeneza vitu vya kuongezea, vinavyoitwa modi. Huyu anatengeneza lori kuukuu, yule honi, mwingine udongo mwekundu, mwingine vichuguu. Hawajuani wala hawashauriani, na modi zao ukizimwaga pamoja ovyo zinakanyagana: mbili zinataka kubadilisha kitu kimoja, na mchezo unakuzimikia usoni.

Ndiyo maana kuna mikusanyo. Mtu mwenye subira anachagua modi zinazofaa, anazipanga ipi itangulie na ipi ifuate, anaziendesha mpaka aridhike, kisha anaiweka orodha yake mtandaoni ili mwingine abonyeze mara moja tu azipate zote. Kwa barabara ya kutoka Lubumbashi mpaka Mokambo, mpakani na Zambia, mtu huyo alikuwa Kahambu.

Hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa na miaka thelathini na sita, muuzaji wa makayabo kwa jumla, wale samaki wa chumvi, kazi aliyoianza mama yake walipohama Butembo yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Kilichomwingiza humo ni baba yake. Papa Raoul aliendesha lori miaka thelathini na moja, mpaka ugonjwa wa sukari ulipomla mguu wa kulia na madaktari wakaukata chini ya goti. Baada ya hapo alikaa sebuleni, nyumbani kwao Naviundu, akitazama ukuta. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomtisha binti yake. Binamu mmoja alipoleta kutoka Dubai usukani wa mchezo, wenye vishikio vya kuongeza mwendo na kufunga breki kwa vidole, Kahambu aliufunga kwenye meza ya chakula, akamsogeza mzee.

Papa Raoul aliendesha nusu saa huko Ulaya, kisha akauachia usukani.

"Hii njia ni ya hôpital," alisema. "Iko safi sana. Vumbi iko wapi?"

Basi Kahambu akaenda kutafuta vumbi. Katika kutafuta akampata na Michée, aliyekuwa akiimba naye kwaya moja kanisani. Michée alikuwa mwalimu wa kompyuta, miaka ishirini na tisa, wazazi wake watu wa Kasai, mtu wa adabu na wa vidole vyepesi. Yeye alijua kuchora barabara. Jumamosi tatu mfululizo alikaa na Papa Raoul, mzee akimweleza njia yote kwa kumbukumbu: ukiisha kupita Kasungami kilima kiko wapi, maji ya mvua hukaa upande gani, askari hufunga kamba penye mti upi. Michée akachora, Kahambu akachagua modi na kuzijaribu, na wote wawili wakawa na ufunguo wa orodha. Ilipokuwa tayari, Papa Raoul alivaa shati lake la kazi lenye mifuko miwili. Tangu siku ile, kila alipomaliza bugali yake ya mchana, alikwenda Mokambo.

Wakaiweka orodha mtandaoni ili na wengine wafaidi. Watu elfu tisa waliichukua mwaka wa kwanza. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana kuusimika mkusanyo ilikuwa taabu, lakini kuutunza ilikuwa kinyaa.

Mchezo ukipata toleo jipya, nusu ya modi zinakufa. Mtengenezaji wa honi aligombana na mtengenezaji wa vioo, akafuta kazi zake zote kwa hasira, na asubuhi iliyofuata malori ya watu elfu tisa yakawa bubu. Siku nyingine miti yote iligeuka rangi ya waridi, kwa sababu picha moja ndogo ya majani ilihamishwa mahali pake. Siku nyingine lori lilizama katika lami hadi madirishani, likaendelea kwenda hivyohivyo kama kiboko. Ili kumjua mkosaji, Kahambu alitoa nusu ya modi, akawasha. Ikizimika, mkosaji yumo katika nusu iliyobaki. Akaigawa tena, akawasha tena. Mara ya nne umeme unakatika, na umeme ukirudi mega zake za intaneti zimekwisha. Na huku chini ya ukurasa, watu ambao hawakumpa hata ahsante walikuwa wakimwandikia: mbona leo haufunguki, umelala? Kama huwezi, waachie wanaoweza. Alikuwa akisoma maneno yale na kuhisi mate yanamjaa mdomoni, kama mtu aliyeuma sabuni.

Ndipo wakawekeana sheria, yeye na Michée. Modi yoyote ikitoa toleo jipya, isiingie kwenye mkusanyo mpaka mmoja wao ameiendesha njia nzima, mwanzo hadi mwisho, kwa macho yake.

Mwezi wa sita, katikati ya kiangazi, mzigo wa samaki ulizuiwa mpakani na Kahambu akashinda huko wiki mbili. "Michée, unionee mkusanyo," alimwambia kwa simu. Michée, aliyezoea kumwita yaya, yaani dada mkubwa, akajibu: "Usiogope, yaya."

Alirudi Alhamisi. Alikula na wazazi wake, akatoka uani kumsaidia mama yake, Mama Estelle, kuanika nguo. Kupitia dirishani alikuwa akisikia injini ya lori la baba yake ikinguruma, gia ya tatu, gia ya nne. Kisha ikanyamaza. Ikanguruma tena kidogo, ikanyamaza. Halafu ikaja sauti nyingine, ya koo la mtu linalojikamua.

Walimkuta Papa Raoul ameinamia kando ya kiti chake cha magurudumu. Bugali na mboga ya sombe vyote vilikuwa sakafuni na juu ya shati la kazi. Mama Estelle alikimbilia maji. Kahambu alimshika baba yake paji la uso, na jasho lake lilikuwa baridi.

"Papa, ni sukari? Ni sukari imepanda?"

Mzee alitikisa kichwa. Hakutazama kompyuta; alielekeza kidole tu.

"Nilizani nilimugonga muntu," alisema. "Nikasimamisha. Nikangoja. Kisha nikaona hapana, alisha kufa zamani. Nikaenda mbele. Nikamukuta tena. Ni ule ule, Kahambu. Ni ule ule."

Kahambu akageuka kutazama. Kando ya barabara, kwenye vumbi lile alilolitafuta yeye mwenyewe miezi mitatu, kulikuwa na lori lililoungua, na mbele yake mtu amelala chali. Shati la mistari ya buluu. Mkono mmoja umeinuliwa na kukakamaa hewani. Mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

Aliushika usukani. Hakuwa na akili ya kuuzima mchezo, alitaka kujua. Akaendesha kilomita mbili, tatu, na kwenye kona akamkuta: shati lile, mkono ule. Akaendelea. Penye kamba ya askari walikuwapo wawili, shati moja, mkono mmoja, wamelazwa sambamba kama viatu vilivyovuliwa mlangoni. Baadaye, alipofungua mafaili, alihesabu: mtu mmoja, mara arobaini na moja, kutoka Kasungami hadi Mokambo.

Lakini kilichomfanya ainuke na kwenda kusimama ukutani, mkono mdomoni, hakikuwa wingi wao. Alikuwa akimjua.

Miaka minne nyuma, mdogo wake Muhindo alikuwa dereva huko Kivu ya Kaskazini. Msafara wa malori uliokuwa na lori lake ulishambuliwa na kuchomwa moto, na kwa siku tatu hawakupata habari. Watu wa ukoo, mmoja Butembo, mwingine Goma, mwingine Kampala, walikuwa wakitumiana picha za maiti kwenye simu, ili kila mmoja atazame. Usiku na mchana simu ililia, na kila ikilia ni lazima utazame. Wanakuza picha: tazama meno, tazama kiatu, tazama saa. Picha ya mtu mwenye shati la mistari ilifika siku ya pili. Papa Raoul aliomba simu isogezwe, akavaa miwani, akamkagua mtu yule tangu nywele hadi unyayo usio na kiatu. Kisha akasema, "Haiko wetu. Aksanti, Mungu." Muhindo alipatikana siku ya nne na akazikwa hukohuko. Kahambu alimsikia baba yake mara moja, akiwa katika sala, akiomba msamaha kwa ile aksanti.

Na sasa mtu yule, wa watu wengine, alikuwa amelazwa kwenye mchezo wao mara arobaini na moja.

Haikumchukua muda kumjua mkosaji. Ilikuwa modi ya hamsini na nane, iliyoitwa Kando ya Njia, kazi ya mtu aliyejiita Bitume. Kwa miaka miwili modi ile ilikuwa imewapa vitu vya kawaida: matairi mabovu, majerikani, magunia ya makaa, mbuzi. Kwenye toleo jipya Bitume alikuwa ameandika mstari mmoja tu: Nimeongeza hali halisi ya Afrika.

Alimpigia Michée, naye akaja baada ya vipindi vya shule, chaki bado mikononi. Papa Raoul alikuwa amelazwa chumbani. Sebule ilikuwa imepigwa deki lakini bado ilinuka uchachu. Kahambu alimweka mbele ya kompyuta, akawasha.

"Ile ni nini?"

Michée alitazama kidogo, akatazama pembeni. "Ni mise à jour, toleo mupya ya Bitume, yaya."

"Weye uliendesha njia kabla ya kuiingiza? Mpaka mwisho?"

"Niliendesha."

"Basi uliona."

"Niliona."

Kahambu alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Alitegemea aseme, nisamehe, nilichoka, nilibonyeza bila kutazama. Angemkaripia, yakaisha.

"Uliona, na ukaiacha?"

"Bantu banapenda, yaya," alisema Michée, na sauti yake ilikuwa ya upole uleule wa siku zote. "Mu wiki moja bengine elfu mbili baliingia. Elfu mbili! Banasema sasa mukusanyo yetu iko vraiment ya kweli. Na ile haiko muntu. Ni texture. Ni rangi tu juu ya umbo."

"Texture."

"Ndiyo."

"Na ile texture, mama yake iko wapi?"

Michée alipeleka mkono kwenye kipanya aufunge mchezo.

"Ninakuuliza. Ile picha ilifika mu simu ya papa, wakati tulikuwa tunamutafuta Muhindo. Papa alimuangalia ule muntu mu meno. Ule muntu alizaliwa. Banamulilia mpaka leo. Na weye unaniambia rangi."

"Sikuyua ile mambo ya simu," Michée alisema. "Ningeyua, nisingeiweka."

"Kwa hiyo kama haikuwa ya kwetu, ni sawa?"

Michée alisugua chaki kwenye vidole, na unga mweupe ukadondoka juu ya sakafu iliyosafishwa. Kahambu aliutazama unga ule na akashangaa jinsi unavyomkera. Akamwambia aitoe modi ya hamsini na nane, sasa hivi, mbele yake.

"Haitoki, yaya. Njia yote niliichora juu ya bintu bya Bitume. Ukingo, mitaro, mawe, yote ni yake. Ukiitoa, ishirini na sita zingine zinaanguka."

Aliitoa yeye mwenyewe. Mchezo uliwaka, lori likatoka mjini, likafika Kasungami, na kioo kikawa cheusi. Alijaribu mara tatu. Mara zote tatu Michée alikuwa amesimama nyuma yake, kisha akaaga na kwenda.

Kesho yake Kahambu alimwandikia Bitume. Aliandika kwa heshima, akaeleza picha ile ni ya nani na ilitoka wapi, akaomba iondolewe. Jibu lilikuja kabla ya saa sita mchana. Picha niliikuta mtandaoni, bure. Kama inakuchefua, jiondoe. Wenzako hawalalamiki. Mwishoni aliweka kichwa cha njano kinachocheka. Kahambu akawaandikia na wenye tovuti, akajaza fomu yao. Ikaja barua iliyoandikwa na mashine, ikimshukuru kwa kusaidia kuifanya jumuiya kuwa mahali pa furaha kwa wote.

Basi akafunga duka siku tano, akamwachia mama yake funguo, na akaanza kuikata njia kwa mkono.

Siku ya kwanza alifungua faili ya picha yenyewe, na alitamani asingeifungua. Katika michezo ya namna ile, vitu vyote hupakwa kutokana na karatasi moja, vimebanduliwa na kutandazwa, halafu kompyuta ndiyo huvikunja tena. Hakumkuta mtu amelala. Alikuta shati limetandazwa kama ngozi ya mbuzi juani. Uso ulikuwa umegawanywa katikati, nusu huku, nusu kule. Mkono ulibanwa kwenye pembe, kati ya tairi na jerikani, ili nafasi isipotee. Bitume, popote alipo, alikuwa amekaa kitini kwake, pengine na kahawa, akapunguza kucha za mtu yule kwa kipanya ili mkono uenee. Kazi ilikuwa nzuri. Ilifanywa kwa uangalifu, na mtu anayejua kazi yake.

Akampaka udongo. Alifikiri ameupata ufumbuzi: faili inabaki, kwa hiyo mchezo hauzimiki, ila mahali pa picha kuna rangi ya ardhi tu. Aliwasha na kuendesha. Kwenye kona ya kwanza udongo ulikuwa umelala chali, mkono mmoja juu. Umbo lilikuwa bado lipo. Sasa halikuwa na uso wala shati. Lilikuwa ardhi yenyewe iliyojifanya maiti. Akauzima mchezo, akatoka nje, akakaa penye bomba mpaka mama yake akaja kumwuliza kama amekula.

"Sina njaa, mama."

"Siku ya tatu sasa hauna njaa. Acha ile kintu, mwanangu. Ifute yote."

"Papa hana kintu kingine."

Mama Estelle alikamua kitambaa alichokuwa nacho. "Papa yako analala na taa," alisema. "Tangu ile siku."

Hakuifuta. Aliyang'oa maumbo yale moja baada ya jingine, maana Bitume alikuwa ameyafungamanisha na mitaro, na mitaro na mawe, na mawe na ukingo. Kila alipong'oa moja, pengo lilibaki barabarani, na lori likipita juu ya pengo lilianguka chini ya dunia, kwenye weupe usio na mwisho. Ilimbidi ajaze. Aling'oa, akajaza, akawasha, akaanguka, akarudi. Alipofika la thelathini alikuwa hamwoni tena kama mtu, na alipotambua kwamba hamwoni tena kama mtu akajichukia, akamfikiria Michée. Siku ya tano jioni njia ilifika Mokambo bila mtu aliyelala kando. Modi ishirini na sita zilikuwa zimekufa. Hapakuwa na mbuzi wala makaa, wala wanawake wenye mabeseni. Ilikuwa barabara nyekundu, na vumbi, na basi.

Aliuweka mtandaoni mkusanyo uliosafishwa, akaandika aya moja akieleza sababu, bila kumtaja mdogo wake. Aliandika: kulikuwa na picha ya marehemu wa kweli, ambaye ndugu zake hawakuulizwa.

Majibu yakaja kama nzi. Mumeharibu kitu kizuri. Siasa zenu pelekeni kwingine. Ni mchezo tu, mama, kalale. Mmoja aliuliza, kwa adabu kabisa, kama toleo la zamani, lenye maiti, bado linapatikana mahali. Kati ya majibu mia na kitu alikuta moja tu la mtu aliyesema amefanya vyema, na hata huyo alimaliza kwa kuuliza mbuzi watarudi lini.

Toleo la zamani lilikuwa linapatikana. Siku kumi baadaye aliliona, ukurasa uleule, picha ileile ya lori jekundu aliyoipiga yeye. Jina lilikuwa limebadilishwa kidogo: Barabara ya Mokambo, Halisi Kabisa. Modi mia moja arobaini na tatu, zimepangwa kama alivyozipanga, hata maelezo ameyaacha na makosa yake ya tahajia. Mwenye mkusanyo: Michée. Watu waliojiandikisha: elfu kumi na moja. Wake ulikuwa umebaki na mia nne.

Alimpigia. Simu ililia, ikakatwa. Baada ya dakika ukaja ujumbe: Yaya, usikasirike. Njia niliichora mimi. Kila muntu na mukusanyo yake. Tubaki mu amani.

Alikaa na ile simu mkononi. Alitaka kuitupa, lakini alichofanya ni kuifuta, kioo chote, kwa ncha ya kitenge chake, kama ambavyo mtu hufuta kitu alichookota chooni.

Papa Raoul hakuambiwa hayo. Kahambu alimwambia tu kwamba njia imesafishwa. Kwa wiki tatu mzee hakuuliza. Kisha siku moja, baada ya chakula, alijisogeza mwenyewe mpaka mezani, akaomba shati. Kahambu akamwashia na kukaa kando yake, tayari kuzima. Mzee aliendesha polepole kuliko kawaida yake, gia ya pili, macho yakipiga kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayepita nyumbani kwa mbwa mkali. Alifika penye kamba ya askari. Alifika kwenye kona ya mwisho. Mokambo ikaonekana, mabati yake machache.

"Imeisha," alisema Papa Raoul. "Hakuna muntu."

"Hakuna muntu, papa."

"Hata wa muzima hakuna." Akaufunga mchezo kwa mkono wake. "Lakini ni bora."

Jumapili iliyofuata walikwenda misa ya pili. Kahambu hakuwa ameimba tena kwaya tangu mwezi wa sita. Alikaa na wazazi wake kando ya njia ya katikati, penye nafasi ya kiti cha magurudumu. Michée alikuwa benchi la mbele yao. Shingo yake ilikuwa imenyolewa vizuri, kola imepigwa pasi. Misa yote Kahambu hakusikia neno. Alikuwa akitazama kola ile na kukumbuka karatasi iliyotandazwa, mkono kwenye pembe.

Padri aliposema watu wapeane amani, Michée aligeuka. Alinyoosha mkono kwanza kwa Kahambu, akitabasamu, kana kwamba jambo hili linaweza kupita humo na kwisha.

Kahambu aliutazama mkono. Ulikuwa safi, na kucha zake fupi. Akaiweka mikono yake yote miwili ndani ya kitenge na hakuitoa. Walio karibu waliona. Tabasamu la Michée lilibaki mahali pake kwa muda, halina kazi, kisha mkono ukahama, ukashuka kwa Papa Raoul.

"Amani, papa."

"Amani, mwanangu," alisema mzee, akaushika kwa mikono miwili, akautikisa kwa nguvu. "Umepotea! Haufike tena ku nyumba!"

"Ni kazi, papa."

Misa ilipokwisha Kahambu alikisukuma kiti moja kwa moja mpaka kwenye bomba lililo nyuma ya kanisa, akakifunga breki, akafungua maji.

"Papa, unawe mikono."

"Ya nini? Tunaenda kula?"

"Unawe kwanza."

Mzee alimtazama binti yake, akaona uso wake. Akainyoosha mikono chini ya maji. Kahambu akamwambia, pale pale, kwa sauti ya chini, yote: kwamba Michée aliliona toleo lile kabla ya kuliingiza, kwamba aliendesha njia mpaka mwisho na kuwapita wote arobaini na mmoja, na kwamba hata leo wako pale, kwa jina lake, na watu elfu kumi na moja wanawapita.

Maji yaliendelea kutiririka. Mama Estelle alikuwa akiwaita kutoka langoni.

"Uko na sabuni?" mzee akauliza.

Hakuwa nayo. Papa Raoul akainama kwenye kiti, akachota mchanga kando ya bomba, akaanza kusugua viganja vyake, pole kwa pole, na katikati ya vidole.